Diski ya Mwisho Kujaribiwa

Jumatatu, 3 Juni

Kimefika! Kiko dirishani kwa Mzee Rimoti, yule mwenye duka la vifaa vya umeme anayetembea na rimoti nne mfukoni mwa shati na hajui ipi ni ya nini. Kicheza diski cha kila aina. Cheusi, kizito, kipana kama droo ya kabati. Kijitabu chake kina kurasa tisini na mbili. Nimezisoma zote nikiwa nimesimama. Kinasoma diski za muziki, za filamu, za zamani, za kisasa, hata zile watu walizorekodi wenyewe nyumbani. Hiyo iko ukurasa wa kumi na nne. Nimeusoma mara tatu.

Mpango: nimemwambia Mzee Rimoti kwamba jarida la shule linahitaji tathmini ya kina. Sikusema uongo. Jarida lipo. Shule ipo. Hakuniuliza kama mimi ni mwandishi wake, nami sikuona haja ya kumchosha. Akaniangalia, akasema kijana mwenye miwani ya namna hii hawezi kuwa mwizi. Nikichukue kesho, nikirudishe Jumamosi adhuhuri, maana daktari wa meno anakuja kukitazama, huenda akakinunua. Sharti moja tu: ile nailoni ya mbele isibanduliwe.

Jumanne, 4 Juni

Nimekibeba kifuani kutoka dukani hadi nyumbani, kimefunikwa kwa shuka. Nimepumzika mara kumi na moja. Mama mmoja njiani alinipa pole. Sijui alidhani nimebeba nini.

Shangazi ameuliza kama ni oveni. Nilipomweleza, akasema basi kitafaa kuwekea chombo cha maua. Shangazi alihamia kwetu miaka mitatu iliyopita, Mama alipofariki, na tangu hapo hawezi kuona kitu chenye mgongo bapa kikakaa bila maua. Mdogo wangu Kifaranga, mwenye miaka saba, ameuliza swali moja tu: je, kitasoma diski ya Mama?

Diski ya Mama. Iko moja. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, akarekodi hadithi za kuwasikilizisha wanafunzi wake. Juu ameandika kwa mkono: HADITHI. MSIGUSE. Hatujaigusa. Nilisoma gazetini kwamba diski ya kurekodiwa nyumbani ikizeeka huenda ikasomeka mara moja tu, kisha basi. Mara moja! Nikaificha ndani ya kamusi kubwa, nikapiga marufuku isikaribie kile kimashine cha Shangazi chenye mfuniko, anachochezea diski zake za mazoezi ya kiuno. Miaka mitatu nimesubiri mashine inayostahili.

Na siwezi kusubiri zaidi. Uso wa Mama upo kwenye picha. Sauti yake inanitoka. Zamani niliweza kuiita nikifumba macho. Siku hizi nikiiita inakuja ya Shangazi.

Baba amerudi kazini, amesimama mlangoni, ameuliza kama mwenye mali anajua iko hapa. Nikasema anajua. Akachukua sahani yake akaenda kula jikoni. Baba hajakaa sebuleni miaka mitatu. Lengo la pili la mpango: akae.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Matundu ya mashine na matundu ya runinga yetu hayajuani. Unahitajika waya maalumu. Mwenye waya huo ni mtu mmoja tu ninayemfahamu: Profesa, wa darasa letu, mwandishi halisi wa ukurasa wa teknolojia jaridani. Ilinibidi nimweleze yote, isipokuwa habari ya diski. Akacheka hadi akashika dawati. Eti na Kamusi naye kawa mhakiki! (Kamusi ndiyo mimi.) Masharti yake: jina lake juu, langu chini kwa herufi ndogo, na aje aone mwenyewe.

Amekuja. Akakaa kwenye kiti cha Baba! Akatazama filamu ya Shangazi ya mambo ya bustani, akatoa hukumu kwamba weusi haujawa mweusi vya kutosha. Nikamwambia ule ni udongo, unatakiwa uwe kahawia. Akasema ndiyo maana mimi ni mtu wa herufi ndogo. Jibu nimelipata saa mbili baadaye nikiosha vyombo. Lilikuwa zuri sana.

Alhamisi, 6 Juni

Kijitabu, ukurasa wa themanini: mashine mpya hufikia ubora wake kamili baada ya kufanya kazi saa ishirini. Kwa hiyo diski ya Mama itakuwa ya mwisho. Hili ni suala la kisayansi. Nimechora jedwali. Diski zote arobaini na moja za nyumba hii, safu ya picha, safu ya sauti, safu ya namna droo inavyofunguka. (Droo: nyota tano. Inatoka taratibu kama mtu anayeomba radhi.)

Niliiacha mashine inafanya kazi nilipokwenda shule. Shangazi akaizima apige pasi. Anasema soketi ni moja na sare ni yangu, nichague. Zimebaki saa kumi na tatu.

Kifaranga ameuliza kama sasa ni zamu ya Mama. Nikasema bado. Akauliza kama ninaogopa. Nikamweleza habari ya saa ishirini kwa mchoro. Akasema mchoro ni mzuri, halafu akauliza tena kama ninaogopa. Watoto hawana subira na takwimu.

Jioni Baba alikuwa anapita kwenye korido, akasimama. Nilikuwa najaribu diski ya milio ya ndege. Akauliza huyo anayelia ni nani. Nikatazama kasha, nikamwambia ni ndege wa majini. Akasema, aa. Akaenda zake. Nilikaribia! Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga zulia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesalitiwa. Profesa ametundika tathmini yake kwenye ubao wa matangazo. Jina langu halipo hata kwa herufi ndogo. Ameandika kwamba mashine si mbaya, ila iliyoko kwa Kamusi imeshabanduliwa nailoni. (Aliyeibandua ni Kifaranga. Jumatano, mbele ya macho ya Profesa, mimi nikihangaika na waya. Sasa nailoni ni kioo cha dirisha kwenye nyumba ya mdoli.) Binti wa Mzee Rimoti anasoma shule yetu. Saa kumi alasiri mzee alikuwa mlangoni.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma. Akasema yeye alidhani kijana mwenye miwani... Hakumalizia. Akapiga magoti kuchomoa nyaya. Na mashine ilikuwa imetimiza saa kumi na tisa! Imebaki moja! Nilikuwa nimesimama na diski ya Mama mkononi; sikumbuki niliitoa lini kwenye kamusi. Akaiona, akasoma maandishi, akauliza ni ya nani. Kifaranga akamwambia yote kwa pumzi moja. Mzee Rimoti akaurudisha waya aliokwisha kuuchomoa. Akaniambia, haya mwanangu, iweke tuisikie, sina haraka mimi.

Nikasema ahsante, lakini saa ishirini hazijatimia.

Akauliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha ukurasa. Akabeba mashine yake akaondoka. Amesahau rimoti moja juu ya kiti, na haiwashi chochote humu ndani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi kutoka maktaba saa tano asubuhi. Kamusi iko wazi mezani. Diski hakuna.

Sauti ilikuwa inatoka chumbani kwa Shangazi. Kimashine cha mfuniko! Spika zake ni ndogo kama vizibo vya chupa. Mlango ulikuwa nusu wazi. Kifaranga alikuwa sakafuni, kidole bado kiko kwenye kitufe, uso wa mtu aliyevunja sheria na hajuti. Shangazi kitandani na rundo la nguo asizozikunja. Na Baba, kwenye kigoda cha cherehani, magoti yamemfika kifuani. Amekaa. Baba amekaa.

Mama alikuwa anasoma hadithi ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyokuwa nadhani, na akifika kwenye maneno ya mbuzi anapitishia puani. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikasimama kwenye korido. Nilitaka kuingia, niliinua mguu. Mara akamwacha mbuzi ukingoni mwa mto. Kikasikika kitasa, na mtoto mdogo akalalamika kwamba kiatu chake kimoja hakionekani. Mtoto yule ni mimi. Mama akasema, bila hasira hata kidogo: mwanangu, funga mlango, narekodi.

Nikaufunga. Mimi nikiwa nje.

Jumapili, 9 Juni

Tathmini imekamilika, kurasa kumi na moja. Picha: nyota nne. Sauti: nyota nne na nusu. Diski zilizorekodiwa nyumbani: hazikujaribiwa. Kimashine cha Shangazi sikukipa nyota yoyote, kwa kuwa taratibu za majaribio hazikufuatwa.

Diski imechezwa mara nne tangu jana, ukihesabu na ile ambayo Shangazi aliomba aisikilize peke yake. Gazeti lilisema mara moja. Kwa hiyo bahati inakaribia kwisha, na hakuna anayeliona hilo ila mimi. Nimeichukua wakiwa bustanini. Nimeificha kwenye atlasi, mahali ambapo Kifaranga hatafikiria.

Mchana Baba alikuja na sahani yake sebuleni. Akakaa. Akatazama ile nafasi tupu chini ya runinga, kisha akaniuliza diski iko wapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, iko salama. Akangoja kidogo. Halafu akainuka na sahani yake, akarudi jikoni.

Nyuma ya soko kuna duka jingine. Wana mashine ambayo kijitabu chake kina kurasa mia moja na thelathini. Kesho nitawaambia ninatoka jaridani.