Damu ya Pampu

Jumatatu, 8 Machi 1954

Mwamba umemwangukia shemeji yangu Thobias mgodini. Paja limepasuka, damu imemwagika mpaka midomo imepauka. Dresa Januari, mhudumu wa hospitali, anasema ndugu wajitolee damu, la sivyo tutazika. Mke wangu Paskazia akanitazama. Kwa nini mimi? Nikamweleza kwa hekima: nikimpa Thobias damu tumekwisha chanjiana udugu wa damu, ni ndugu yangu. Basi na dada yake ni dada yangu. Nitalalaje na dada yangu? Paskazia kasema naogopa sindano. Uongo! Siiogopi. Siipendi tu.

Jumanne, 9 Machi

Januari kakiri kuwa Wazungu wana maji ya chupa ya kumtilia aliyeishiwa damu. Thobias kamaliza yaliyokuwepo, na bado anatweta. Eti maji yale hujaza mishipa tu, hayabebi pumzi. Hiyo ni kazi ya damu nyekundu. Hilo nalo la kuumiza kichwa? Kwani pumzi haitiwi?

Nimechanganya sharubati nyekundu ya dukani, chumvi, na maji niliyolowekea misumari. Rangi safi kabisa. Pumzi itatoka kwenye pampu ya baiskeli ya jirani yangu Bartholomeo, Msumbwa mwenye majivuno, apigaye kengele hata njia ikiwa tupu. Nimembembeleza mpaka nikajichukia.

Jumatano, 10 Machi

Hasira! Nilitoboa kizibo cha chupa ya damu yangu, nikapachika vali ya baiskeli, nikaanza kupampu pale pale barazani hospitalini, watu waone. Mama mkwe alikuwa amekaa kanipa mgongo, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Tangu nioe hatujatazamana. Januari akaniambia niache. Nikazidisha. Kizibo kikaruka! Chupa nzima ikamwishia mama mkwe, kuanzia kilemba hadi kiunoni. Watu wakapiga yowe wakidhani nimemchinja. Naye akageuka, akanikazia macho, akaniita mpumbavu kwa jina langu. Maduhu mpumbavu! Mkwe hutajwa jina?

Januari kasema Thobias hafiki kesho. Paskazia hakulia. Kaniambia nitoke mbele yake.

Alhamisi, 11 Machi

Bartholomeo kaja hospitalini kudai pampu, kakuta watu wanamlilia mgonjwa, kakunja mkono wa shati atolewe damu. Damu yake imepimwa, imekubaliana na ya Thobias. Jioni mgonjwa kaomba uji. Nimefurahi, Mungu shahidi. Lakini kati ya watu wote hawa, kwa nini Bartholomeo? Hata kuzimia kidogo hakuzimia!

Jumapili, 14 Machi

Wamenishika kwa maneno yangu. Mama mkwe kauambia ukoo mzima kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetoa hukumu: aliyempa Thobias damu ni nduguye. Basi Bartholomeo ni kaka wa Paskazia, na mimi nimeoa kwao, nimheshimu kama mkwe. Leo kaja kula. Kakalia kigoda changu. Paskazia kachinja jogoo wangu, na firigisi, haki ya mwenye nyumba, kampa yeye. Firigisi! Nikalazimishwa kumwamkia shikamoo, kijana wa juzi yule. Kaitika marahaba, kisha kaulizia pampu.

Simpi. Kosa lilikuwa la kizibo. Nimepata chupa nene, na misumari nimeshailoweka. Damu yangu ikiwa tayari, Thobias atamrudishia Bartholomeo yake yote, mpaka tone la mwisho, nami nitamjaza Thobias hii yangu. Tuone nani atakula firigisi.