Sola ya Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Agosti 2009

Nimepigwa tena! Fumbo la tatu la shindano limewekwa mtandaoni saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika kumi na mbili, mtu anayejiita Mmalolo alikuwa ameshatuma jibu. Mimi wakati huo kompyuta ya Doreen bado inajiwasha. Doreen ndiye mwenye intaneti kafe hapa Nachingwea. Simwamini sana. Hupita nyuma ya kiti changu akijifanya anafagia.

Jedwali: Mmalolo wa kwanza, mimi wa pili. Mafumbo yamebaki mawili, likiwemo hili.

Lazima nishinde. Zawadi ni sola, paneli na betri na taa nne, na si kwa ajili yangu. Ni ya mama mkwe, Bi Magreti, mwalimu mstaafu, anayekaa Malolo kule Ruangwa na kibatari chake. Mwaka jana nilimtegea mizinga ya nyuki nyuma ya jiko bila kumwuliza. Nia ilikuwa njema. Uso wake ulivimba wiki nzima. Josephina, mke wangu, amesema bado kituko kimoja tu, arudi kwao. Sola ikifika kwa mama yake kabla ya mvua, nimepona.

Jumatatu, 3 Agosti

Fumbo lenyewe: magunia manane ya ufuta, moja ni jepesi. Una mizani ya mikono miwili. Pima mara mbili tu, ulijue.

Kichwa kinauma. Kanuni ya nne inasema mshiriki asiombe msaada wa mtu. Sawa. Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza redio, nikaenda kunywa kahawa kwa Mzee Amri. Nikasema kwa sauti, kama mtu anayelalamikia maisha tu, kwamba magunia manane yanaweza kumsumbua binadamu. Harithi, mnunuzi wa ufuta, akadakia bila kuombwa. Weka matatu kwa matatu, akasema. Yakilingana, pima mawili yaliyobaki. Yasipolingana, chukua yale matatu mepesi, upime gunia moja dhidi ya jingine.

Sikuomba msaada. Nilinyamaza karibu naye. Kunyamaza hakujakatazwa popote.

Ila amejuaje haraka vile? Isije ikawa Harithi ndiye Mmalolo, ananipa jibu bovu makusudi!

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata dawa. Kanuni ya sita: mtu mmoja, jibu moja. Lakini mimi kabla ya jando niliitwa Chitanda. Nilipotoka, wazee walitangaza mbele ya ukoo kwamba Chitanda amebaki porini, aliyerudi ni mtu mwingine, anaitwa Teofili. Walisema wao, si mimi. Basi ni watu wawili.

Teofili katuma matatu kwa matatu. Chitanda katuma manne kwa manne, ikiwa Harithi ni mwongo. Doreen alicheka nyuma yangu. Akasema amekumbuka kitu cha nyumbani kwao. Sijaamini.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwandikia Msimamizi wa shindano, Dar es Salaam. Nimeomba kanuni zisomwe kwa haki, bila kumwonea mtu huruma. Nimeeleza kwamba huko Malolo hakuna umeme, kwa hiyo Mmalolo ni genge la watu wanaosaidiana: mwenye duka, mwenye jenereta, labda hata padri. Na kama ni mtu mmoja, basi ni mwizi asiye na haya, na aliyemlea alikuwa amelala.

Sentensi hiyo ya mwisho imenipendeza mno.

Doreen akauliza kama nimesoma kanuni ya tisa, inayohusu malalamiko. Kwa nini ananichelewesha? Analipwa na nani? Nikabonyeza kutuma.

Jumamosi, 8 Agosti

Kanuni ya tisa: lalamiko litatangazwa lote, pamoja na jina la mlalamikaji, ili mlalamikiwa ajibu.

Limetangazwa lote. Jina langu, Nachingwea yangu, na mwizi asiye na haya. Chini yake jibu la Mmalolo. Nalinakili hapa:

“Mimi ni mtu mmoja. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Kila Jumamosi nakwenda Ruangwa mjini kwa mdogo wangu Valentina, mwenye kompyuta. Mlalamikaji ni mume wa binti yangu. Kwa heshima ya ukwe mimi naye hatusemezani, hivyo sina la kumjibu.”

Mungu wangu! Miaka kumi na moja simtazami mkwe usoni. Nampisha njia. Nikisikia kikohozi chake nazunguka nyuma ya nyumba. Leo nimemwita mwizi mbele ya nchi nzima.

Nimekimbilia nyumbani. Josephina alikuwa ameshapigiwa simu.

Jumapili, 9 Agosti

Ameondoka na basi la asubuhi. Kachukua sufuria kubwa, kwa hiyo si matembezi.

Nilijitetea kwamba sikujua. Akasema hilo ndilo linalomuuma. Kwamba katika watu wote wa Malolo niliowashuku, mwenye duka, mwenye jenereta, mpaka padri, haikunijia hata mara moja kwamba mwenye akili angeweza kuwa mama yake. Nimekula ugali kwa chumvi. Nampenda mke wangu, na nyumba haikaliki.

Jumatano, 12 Agosti

Habari mbili, zote mbaya.

Msimamizi amenishukuru kwa kuomba kanuni zisomwe kwa haki. Amezisoma. Kuazima kompyuta si msaada, Mmalolo yuko salama. Teofili na Chitanda wametumia mashine moja, wamepishana dakika mbili, na Chitanda ameacha namba ya simu ya Teofili. Wote wawili nje. Nimemweleza habari za jando. Amejibu kwamba anaheshimu mila, na bado wako nje.

Kisha Mjomba Gabrieli akapiga simu. Yeye ndiye kaka wa mama mkwe, na neno lake ukweni halina rufaa. Nifike Malolo Jumapili. Nilete kuku mmoja. Nikae kwenye mkeka, nisiseme neno mpaka watu wamalize kula. Nikiweza hayo, Josephina anarudi na mimi. Nikishindwa, abaki kwao.

Ni mepesi mno. Kuna kitu kimefichwa hapo.

Jumamosi, 15 Agosti

Fumbo la mwisho limekwisha, na matokeo yametoka. Mama mkwe kashinda. Sola inapelekwa Malolo wiki ijayo. Doreen kapiga vigelegele peke yake humo ndani, na mimi nimejikuta nimefurahi kidogo.

Kidogo tu. Jioni nimeyapitia masharti ya Mjomba tena, polepole. Kuku mmoja: hakusema wa umri gani. Nimechukua kifaranga. Kimechangamka, na ni kuku mmoja. Nisiseme neno: kuandika hakukutajwa. Kwa hiyo nimeandaa barua ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ni kuomba radhi, na nimeomba kwa moyo wangu wote. Kurasa tatu zilizobaki ni lalamiko dhidi ya kikao chenyewe, maana mwenyekiti ni kaka wa mshtaki, na hiyo si haki popote duniani.

Kwa kuwa mimi sitasema neno, atahitajika mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya wote. Nimeandika juu ya bahasha kwamba asome Josephina. Ana sauti nzuri.