Bi Mwenyekiti Aandikishwa Mkimbiaji

Baraza la Mbio Fupi la Grenada lina furaha kuutangazia umma kwamba ujumbe wake katika Michezo ya Visiwa, mjini Bridgetown, ulikuwa mkubwa kuliko yote katika historia: viongozi wanane na mkimbiaji mmoja. Mimi, Cuthbert Alexis, ndiye Katibu. Fomu zote nilizijaza kwa mkono wangu.

Mkimbiaji alikuwa Kerlyn Modeste wa Gouyave, binti wa mama mchambua kungumanga. Baraza limemlea kwa uangalifu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa tulimfikisha mashindanoni siku moja baada ya mashindano kwisha, asije akababaishwa na umati. Alipofika ishirini na tatu tulimwandikisha kurusha tufe, ili apanue mawazo. Sasa ana ishirini na saba, goti limeanza kulalamika, na alisema safari hii ndiyo ya mwisho.

Tatizo likawa malazi. Wanariadha walitengewa vyumba vinavyotazama bahari, na chakula saa zote. Viongozi tukatupwa kwenye nyumba ya wageni nyuma ya kiwanda cha sukari. Mwenyekiti wetu, Bi Hyacinth Lessey, mwenye miaka sitini na mmoja, alilitafakari suala hilo kwa kina.

"Katibu, mkimbiaji bahari ya nini? Si anakimbia nchi kavu?"

Nikarekebisha fomu. Lessey: mkimbiaji, mita mia. Modeste: Mkuu wa Msafara. Picha zikabandikwa, mihuri ikagongwa. Tungesahihisha siku moja kabla ya mbio.

Kerlyn alikitazama kitambulisho chake, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba Cuthbert, mmevuta nini?"

"Ni utaratibu, mwanangu."

Siku ya kusahihisha ikafika. Bi Mwenyekiti alikuwa kwenye bwalo la wanariadha, anamalizia sahani ya pili ya samaki, nami nimesimama kando na fomu za kusahihisha, mabwana wawili walipomsimamia na kichupa.

"Lessey, mita mia wanawake?"

"Ndimi," alisema, maana kukana ni kuacha samaki.

"Wapima dawa. Tunaomba mkojo wako."

"Mkojo wangu? Mimi bibi wa watu!"

"Ukikataa tunaandika umekataa. Adhabu yake ni kufungiwa."

Akatoa. Ndipo nikakumbuka vidonge vyake vya presha, vile vya kukojoza, ambavyo mkimbiaji haruhusiwi hata kuvinusa. Nikakimbilia nyumba ya wageni, nikamkuta Kerlyn ngazini, barafu gotini.

"Mkuu wa Msafara, saini hapa na hapa. Ya kwanza inakuingiza wewe mbioni. Ya pili inamfuta Bi Lessey, kama vile hakuwahi kuwa mwanariadha."

Akasoma. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kusoma fomu zangu.

"Ya kwanza nasaini."

"Na ya pili?"

"Ya pili ng'o. Kala kama mkimbiaji, kalala kama mkimbiaji. Mwache akojoe kama mkimbiaji."

"Utamwaibisha mtu mzima!"

"Mjomba, mimi mmeninyima riadha miaka minane. Yeye mmempa siku tatu tu, mshaanza kulia?"

Kesho yake alikimbia njia ya nane, ile ya ukingoni. Alishika nafasi ya pili, kwa tofauti ya kifua. Akapiga magoti, akalaza uso chini, mabega yakimtikisika. Nami niliingiwa na vumbi machoni, tukio nililoliripoti kwa maandishi.

Majibu yalipotoka, Bi Lessey alifungiwa miaka miwili asishiriki riadha kwa namna yoyote: kukimbia, kuongoza, wala kukaa jukwaa la wageni rasmi. Katiba ya Baraza, aliyoiandika yeye mwenyewe, inasema mwenyekiti akizuiwa, kiti hushikwa na Mkuu wa Msafara wa mwisho.

Baraza linaendelea vizuri. Mwenyekiti Modeste aliitisha kikao chake cha kwanza uwanjani, saa kumi na mbili asubuhi. Ajenda ilikuwa moja: wajumbe wote, mizunguko minne. Hadi naandika taarifa hii wajumbe sita wamejiuzulu, na mmoja yuko kona ya pili, anatambaa.

Huyo ni mimi.