Ombi la Kurudishiwa Alama Nilizonyang'anywa kwa Sababu ya Neno "Baba"

Habib Farjallah,
Shela, Malindi.

Kwa Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Jamii,
Dkt. Zipporah Mwaringa.

Shikamoo Daktari,

MINTARAFU: SUFURI NILIYOPEWA

Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, na ikiwezekana ukiwa umeketi. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa nne. Ripoti yangu ya mafunzo ya nyanjani, niliyoifanya Matsangoni nyumbani kwa Bi Kabibi, imepewa sufuri na Dkt. Thuku. Isipokubaliwa nitarudia mwaka mzima, wenzangu wavae majoho. Nyumbani mbuzi wa sherehe ameshanunuliwa, na amenenepa kuliko mimi.

Nieleze yaliyotokea. Tulifundishwa kuandika maneno ya mteja kama yalivyotamkwa, nami nikaandika. Bi Kabibi alisema, "Baba kakojoa kitandani tena. Baba meno ya mbele yamemtoka. Baba akiona maji ya kuoga, mbio!" Nilipouliza mwenye nyumba ni nani, alicheka akasema, "Si huyo huyo baba? Miye mtumishi wake tu." Nikauliza yuko wapi. "Yuko shule." Basi nikajaza fomu: nyumba ina baba, kazi yake, ualimu. Nikapendekeza apumzishwe kufundisha, atiwe meno ya bandia, na wawili hao wapate mshauri wa ndoa.

Dkt. Thuku aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba baba huyo ana miaka sita, yuko gredi ya kwanza, na kwamba akina mama wa pwani huwaita watoto wao wa kiume "baba". Malalamiko yangu ni haya:

1. Tulifundishwa kwamba mtaalamu huyaacha ya nyumbani kwake mlangoni. Mimi bibi yangu, Bi Zeina, ananiita baba tangu nizaliwe. Jana tu kaniita, "Baba, njoo ule, chai inapoa," nikaenda bila kuuliza anamwita nani. Elimu hiyo yote niliiacha mlangoni kwa Bi Kabibi kama nilivyoagizwa. Sijui kwa nini utii unaadhibiwa.

2. Kosa limegunduliwa na Dkt. Thuku, mtu wa Nyeri, asemaye "kitabu yangu" mchana kweupe. Mswahili wa Shela kuelezwa maana ya baba na mtu wa bara ni jambo lililoniumiza, sitaficha. Naomba kosa hilo ligunduliwe upya, safari hii na mtu wa pwani.

3. Naulizwa kwa nini sikumngoja baba huyo, ilhali Bi Kabibi alinikaribisha nikae mpaka saa saba atakaporudi. Siku hiyo Malindi kulikuwa na pilau ya arusi. Nimepekua vitabu vyote vya Idara na sikuona popote palipoandikwa kuwa mteja hutangulia pilau. Hata hivyo nilifika sahani zimekwisha, kwa hivyo adhabu nilishaipata, na mtu haadhibiwi mara mbili.

4. Naomba Idara iwaandikie akina mama wote, kuanzia Junju hadi Malindi, waache kuwaita watoto wao baba kila muhula wa mafunzo. Wakiona vigumu, wawaite kwa nambari za vyeti vya kuzaliwa. Bi Zeina nilipomsomea kipengele hiki alicheka mpaka akashika ukuta, akasema mkataa kwao ni mtumwa. Sikuona uhusiano.

5. Akina mama wakikataa, basi Idara itambue kwamba ripoti yangu ni sahihi na ni Matsangoni ndiyo iliyokosea. Nakala nilishaipeleka kwa shirika lililonipokea huko, wakaigonga muhuri bila swali hata moja. Muhuri, Daktari! Kwa ushahidi huo naomba alama sabini na tano, na Dkt. Thuku arudie mwaka badala yangu.

Nisalimie wahadhiri wote, na Bi Purity karani, na askari wa lango anayeniuliza kitambulisho kila siku kama kwamba jana hakuniona. Dkt. Thuku pia msalimie, ila kwa ufupi.

Wako mtiifu aliyeonewa,
Habib Farjallah

Baada ya sahihi: Kabla ya kuifunga bahasha nilikwenda Matsangoni kumwomba Bi Kabibi atie sahihi kwamba ripoti yangu haikumdhuru mtu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mtoto nikamkuta nyumbani. Jina lake ni Katana, na meno ya mbele kweli hana. Shirika lile ndilo linalopeleka chakula cha mchana shuleni kwa watoto wanaolelewa na mzazi mmoja. Limesoma katika ripoti yangu kwamba nyumba ina baba mwalimu, likamfuta kwenye orodha. Wiki ya pili sasa mama yake hamtoi kwenda kukaa na njaa huku wenzake wanakula. Babake mzazi aliondoka mtoto hajatambaa, na hilo mimi sikuliuliza.

Bi Kabibi hakunigombeza. Alinipa kigoda, akaniuliza kama nimefaulu, maana alikuwa ameniombea. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona.

Shirika linasema halirudishi jina mpaka chuo kiseme kwa maandishi kuwa ripoti yangu ni batili. Kwa hivyo, Daktari, yafute malalamiko yote matano. Nakuomba unifelishe. Nifelishe leo, kwa barua yenye muhuri mkubwa kuliko wao, na mimi mwenyewe nitaipeleka. Shule inapakua saa sita na nusu.