Bima ya Mlima wa Therese

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Sista Arielle, mkuu wa shule ya wasichana, kaniita ofisini. Bila bima, hakuna msichana atakayepanda mlima tarehe 23. Nikamkumbusha kuwa marehemu mke wangu Therese aliwapandisha wasichana hao kila Agosti, na bima yake ilikuwa filimbi na mkungu wa ndizi mbivu. Akasema Therese alikuwa Therese. Jibu gani hilo!

Kisha akaongeza, kwa ule upole wa watawa unaochoma, kuwa klabu ya wapanda milima ya Kibondo wanayo bima ya dhima, ile inayolipa mtu akiumia mikononi mwako. Sisi wa klabu ya Kasulu tukishindwa, wasichana atawapa wao. Kwenye mlima wetu! Mwaka wa kwanza bila Therese, na tayari wanamgawa.

Klabu ya Kibondo maana yake ni Lukmani. Muuza mabati. Hupanda mlima na miwani ya jua na manukato. Therese alimwita yule bwana anayepiga picha ya kileleni kabla hajafika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempata wakala wa bima, binti mmoja aitwaye Prudence. Atakuja Alhamisi kuuona mlima. Akauliza kwenye simu kama kuna mwanachama aliyewahi kuumia. Nikasema hata mchubuko hatuujui.

Tatizo ni Ndayikeza, mwanachama wetu. Mwezi uliopita aliteleza mwambani, wakati akituonyesha namna ya kutoteleza. Kavunjika mguu. Kafungwa hogo jeupe la plasta kutoka kwenye paja hadi kwenye vidole, na kutwa nzima hukaa nje ya nyumba yake akiwaonyesha wapita njia. Nyumba yenyewe iko wapi? Kwenye njia ya kwenda mlimani!

Mpango: nimhamishie kwangu, upande wa pili wa mji. Wakati mwingine najishangaa kwa akili.

Jumatano, 13 Agosti

Kahamishwa kwa bodaboda, mguu umetangulia mbele kama bunduki. Tumefika salama. Tayari analalamika. Ugali wangu mgumu, mto wangu mwembamba. Akataka chai kwenye kikombe cha bluu. Nikamwambia hicho cha Therese, atumie cha bati kama watu wengine.

Hakuna aliyetuona, isipokuwa Mama Kuruthumu wa dukani. Akauliza kama yule ni Ndayikeza. Nikasema ndiye, ila haumwi. Akashika kifua, akasema maskini, kumbe hali imefikia huko. Mwanamke hasikii anachoambiwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya!

Ilianza vizuri. Prudence alipanda mlima na raba nyeupe na hakulalamika. Akavuta kamba zetu, akasifu mafundo. Nikasema ni mafundo ya Therese. Akasema bima itapatikana, imebaki kusaini tu. Kisha akaomba maji ya kunywa. Mgeni humnyimi maji, hata akiwa wa bima. Tukaenda kwangu. Ndayikeza nilishamfungia chumba cha nyuma na kumwamuru asikohoe.

Hajamaliza kunywa, nikasikia makofi ya salamu ya Kiha uani. Mwidiwe! Mwidiwe! Mama Kuruthumu mbele, mtaa mzima nyuma yake. Ndizi, viazi vitamu, kuku hai. Huku kwetu mgonjwa haendewi na mtu mmoja wala mikono mitupu. Walikuwa wamekwenda kwa Ndayikeza, wakakuta mlango umefungwa, wakaamua kuwa amezidiwa. Wawili walishajifunga kanga kiunoni kama kwenye msiba. Mmoja alibeba sufuria kubwa, endapo kutakuwa na matanga.

Mama Kuruthumu akanipa pole, akauliza mgonjwa wetu aliyeanguka mlimani anaendeleaje. Prudence akaweka kikombe chini. Nikasema alianguka mlima mwingine. Sauti ikatoka chumba cha nyuma, yenye furaha: “Mzee Sylvesta, ni ule ule! Karibuni jamani, niko huku!”

Akasimulia anguko lote. Akaongeza na chui.

Prudence hakunifokea, jambo lililoniudhi zaidi. Akasema ajali iliyosemwa ingepandisha malipo kidogo tu. Iliyofichwa inaua bima. Bwana Lukmani, akasema, alipokata bima kwake aliwataja wote walioanguka kwenye klabu yake, pamoja na yeye mwenyewe, mara mbili. Mtu hana hata aibu! Binti akapewa viazi vya njiani, akaondoka.

Majirani walibaki, wakapika, wakaosha vyombo vyote. Kikombe cha bluu wakakipanga kulia kwenye kabati. Therese alikiweka kushoto. Nimekirudisha.

Jumapili, 17 Agosti

Lukmani kapiga simu, sauti ya asali. Eti mlima ni wa dada yetu Therese, haitapendeza wasichana wapande bila mimi. Niwaongoze mimi, mbele, chini ya bima ya Kibondo. Ukarimu wa kujionyesha! Nimekubali kwa dharau, lakini nadhani kwenye simu dharau haikusikika.

Sharti moja tu. Kila kiongozi amweleze Prudence kama ana maradhi yoyote. Mwenye maradhi hafukuzwi, hupewa njia nyepesi ya chini, pamoja na mizigo.

Goti langu la kulia linalia tangu Pasaka. Kwenye ngazi za kanisa nashika ukuta. Lakini mimi nipite chini na masufuria, huku Lukmani akifika juu na wasichana wa Therese? Thubutu!

Nimempigia Prudence. Nimemwambia nina magoti ya kijana wa miaka ishirini. Jioni nimefanya mazoezi ya kutochechemea mbele ya kioo, na kwa mbali inapendeza.

Nikianguka, nitaanguka kimya.