Slaidi Ishirini na Mbili za Prof Sebahire

Sebahire hakuwa profesa wa kitu chochote, lakini Gisenyi nzima ilimwita Prof, na yeye si mtu wa kukataa zawadi. Siku moja ya mwaka tisini na tisa, pale kantini karibu na ziwa, alimsikia Direkteri Mbonigaba wa shirika la misaada akilalamika huku anakula sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akatega sikio mara moja.

Shirika lilikuwa limetumiwa disketi. Ndani yake mlikuwa na mafaili ya maandishi matupu. Mtu anayejua angeyapitisha kwenye kompyuta, yakatoka slaidi za kufundishia programu mpya, ile inayotunza kila toleo la kila waraka, na jina la aliyeubadilisha. Mkufunzi wa Nairobi alikuwa ameghairi. Atakayetengeneza slaidi hizo na kuzifundisha angepata kazi ya mwaka mzima.

"Patron, hiyo kitu mi naifanya macho yamefungwa," Sebahire akasema, akivuta kiti bila kukaribishwa.

"We? Umesomea wapi?"

"Kinshasa. Na kidogo Bruxelles."

Jamani! Mtu huyo hajawahi kupita Goma. Lakini suti yake ilikuwa imepigwa pasi, na Mbonigaba alikuwa na haraka.

Saa hiyohiyo disketi ikafika kwa Pascasie, aliyekuwa akiwachapia watu barua karibu na soko. Kompyuta alijifunza Goma. Miaka miwili alichapa barua za wengine za kuomba kazi, wakaajiriwa. Za kwake hazikujibiwa hata moja.

"Tunafanya sisi wawili, Pasca. Jina yako itakuwa mbele."

"Kweli, Prof?"

"Mungu anaona!"

Kesho yake akamtambulisha ofisini: "Huyu iko mutu wangu wa kuchapa tu." Pascasie alisikia, akakaa kwenye kompyuta. Wiki nzima aliandika, akatengeneza slaidi, zikatoka zimepinda, akarekebisha faili, akatengeneza tena. Kila hatua aliihifadhi ndani ya programu ileile. Prof alikuwa akipita na mshikaki mkononi kuuliza, "Bado?"

Ijumaa slaidi zikakamilika, na chini ya kila moja pameandikwa: Pascasie.

"Prof, kesho mi niko kanisani," akasema. "Ukitaka kuangalia, ingia kwa jina yako, nimekufungulia. Ukimaliza unahifadhi hivi."

Mwadventista akisali, mjanja anafanya kazi. Prof akafuta Pascasie, akaweka Sebahire, akatengeneza slaidi upya, akahifadhi. Mashine ikauliza: Umebadilisha nini?

Hapa, ndugu msomaji, mwonee huruma. Sebahire aliweza kumdanganya padri, daktari na mama mkwe wake siku moja. Ila karatasi inayouliza swali, hapana! Anayevuka mpaka wa Petite Barrière kila siku na mizigo anajua: mdouani, yule mtu wa forodha, unaweza kumchekesha, lakini ulichoandika kisipolingana na kilichomo mfukoni, unarudi nyumbani mikono mitupu. Basi mkono ukaandika wenyewe.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Prof akasoma slaidi ukutani kwa sauti ya askofu, mpaka ya ishirini na mbili: Zoezi. Tuulize mashine nani ametengeneza slaidi hizi.

Hiyo haikuwa kwenye disketi.

"Bon, uliza basi!" Mbonigaba akasema, akisogea kwenye kompyuta.

Prof hakujua hata pa kubonyeza. "Pasca... saidia kidogo."

Pascasie akabonyeza. Mbonigaba akavaa miwani, akasoma: "Pascasie. Pascasie. Pascasie..." Mara arobaini! "Halafu: Sebahire, Jumamosi, saa ine ya asubui. Nimeondoa jina ya Pascasie, nimeweka yangu."

Yewe! Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

"Prof, hii umeandika we mwenyewe?"

"Patron," akasema kwa uchungu wa kweli, "si mashine iliniuliza!"

Mbonigaba akamgeukia Pascasie. "Mademoiselle, hii kazi iko yako. Unaanza lini?"

"Sasa hivi, Patron." Kisha akamwona mtu wa suti ananyemelea mlango. "Prof, unaenda wapi? Ikala kwanza. Somo haiyaisha."

Sebahire akatazama mlango, akatazama watu, akarudi. Akaketi mstari wa mbele na kuazima kalamu.