Skuli Rakhisa

Taghreed alikuwa hajamaliza hata darasa la nne, lakini babake alikwishamfanya daktari wa moyo. Kila Harub alipokaa na watu kunywa kahawa, nusu ya mji wao wa Samad Ash Shan ilikuwa imeshapasuliwa vifua na binti yake.

“Anakwenda Ibra,” alitangaza, “skuli ya serikali ya wateule! Pale hawaokoti watoto njiani. Huchujwa!”

“Kama tui,” mkewe, Azza, akajibu kutoka jikoni.

Azza hakuikataa skuli hiyo. Alikuwa akiipima. Huku walimu wanaosifiwa, kule basi linalopita kabla jua halijachomoza, na mtoto anayeweza kusinzia akiwa amesimama. Skuli ya hapa Samad iko nyuma ya mitende yao. Kengele yake huisikia wakiwa kitandani. Lakini siku wazazi walipoalikwa Ibra kuitazama ile ya wateule, Taghreed alichungulia kwenye darubini ya nyota, na tangu hapo aliitaja darubini kama watu wanavyoitaja Idi.

Harub naye akatoa amri. Amesikia, kwa nani hakusema, kwamba wateule hawataki mchanganyiko wa lugha. Kwa hiyo Kiswahili marufuku nyumbani! Atakayekisema ataosha vyombo vyote vya siku ile.

Mamake Harub, Bibi Zabibu, mzaliwa wa Unguja mjini, Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia na kununulia samaki.

“Na mie nikifa, mwanangu, nitoe roho kwa lugha gani?”

“Kiarabu fasaha, mama.”

“Basi sifi mpaka nikijue.”

Kuanzia hapo bibi akawa anakohoa. Kikohozi chembamba, anataka chumvi. Kizito, anataka chai. Nyumba ikageuka zahanati! Mwenye amri mwenyewe alijikwaa kizingitini akalia, “Mama yangu weee!” Azza akamwonesha sinki. Harub akasema kilio si lugha.

Siku ya mahojiano alijifukiza udi hata ungedhani gari limeungua. Kilemba alikifunga mara tatu. Njia nzima ya Ibra alikuwa akimfundisha Azza namna ya kunyamaza.

Mudira, yaani mwalimu mkuu wa skuli, Sitti Badriya, aliwapokea kwa upole.

“Nyumbani mnazungumza lugha gani?”

“Kiarabu tu, mudira!” Harub akatunisha kifua. “Kiswahili hatukijui hata kidogo.”

Taghreed akafungua mdomo. Azza akatazama viatu vyake.

“Vyema. Masomo yetu ni mazito. Mnaona ataweza?”

Mazito? Kwa binti ya Harub? Kiarabu cha Harub kilikuwa kizuri akiwa ametulia. Akipandwa na mori, kichwa husema Kiswahili na ulimi hukivisha kanzu. Akainuka kitini.

“Madrasatkum rakhisa!”

“Nini?”

“Skuli yenu rakhisa! Masomo rakhisa, walimu rakhisa, na mitihani ndiyo rakhisa kabisa!”

Masikini, alitaka kusema rahisi, kwamba mtoto hatapata taabu. Sisi neno letu moja hubeba kazi nyepesi na bei ya chini pamoja. Kwa Mwarabu, rakhisa ni ya bei ya chini basi, kitu cha ovyo kisicho na thamani. Harub alikuwa amesimama mbele ya mudira akimwambia kwamba skuli yake takataka, na walimu wake takataka zaidi. Tena anatabasamu!

Mudira akafunika kalamu yake.

“Kama hatuna thamani, bwana, usituletee mtoto. Asanteni kwa kuja.”

Taghreed hakulia kwa sauti. Machozi yalimteremka tu, kama mtu anayeiona darubini ikipakiwa garini. Hapo mizani ya Azza ikalala upande mmoja.

“Harub, mwambie lile neno umelisema kwa lugha gani.”

Harub akakaza shingo. Jasho likamtoka, udi ukaanza kunuka upya. Afadhali aonekane Mwarabu asiye na adabu kuliko Mswahili mwenye adabu!

“Baba,” Taghreed akasema.

“Mudira…” Harub akakaa tena kitini. “Lile neno… lilikuwa Kiswahili. Nilikusudia sahl, isiyo na taabu.”

“Si umesema hamkijui hata kidogo?”

“Kidogo… kidogo tunakijua.”

“Hata mikoromo yake ni ya Kiswahili, mudira,” Azza akasema.

Sitti Badriya alicheka mpaka akashika meza. “Mtoto mwenye lugha mbili tunamtaka sana. Anayetutia shaka ni baba mwenye nusu nusu. Taghreed, karibu.”

Nyumbani, Bibi Zabibu aliwapokea kwa kikohozi cha kuuliza.

“Sema, mama!” Azza akamwambia. “Mwenyewe kaivunja amri, mbele ya mudira!”

Bibi akaachia maneno yote aliyokuwa ameyafungia kifuani. Kisha akaonesha jikoni. Alikuwa amepika biriani ya kumpongeza mjukuu, na hakubakisha sufuria hata moja safi.

Jirani Marzouq alipokuja kuuliza habari za skuli ya wateule, alimkuta baba wa daktari amekunja mikono ya kanzu, povu mpaka kwenye viwiko.

“Taratibu, mwanangu, usinivunjie bakuli!” Bibi Zabibu alipiga kelele. “Vyombo hivyo si rahisi!”